UZI: Binti yangu na shule za Quaker za kutwa na bweni huku Uingereza. Mnaozijua, njooni mnisaidie kuchagua

NesiWaZamu (mwanzisha uzi)

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya wa Vihiga, nesi, niko kaskazini mwa Uingereza huu mwaka wa sita. Nina binti mmoja wa miaka 12, ninamlea peke yangu. Wiki nyingi nina zamu tatu au nne za usiku, na usiku huo binti analala kwa jirani yangu Mzimbabwe. Ni mama mwema mno, ila naye ana watoto wanne na vyumba viwili.

Shule anayosoma sasa ni ya serikali, na kwa masomo sina neno. Shida ni kwamba mtoto amezimika. Walianza kumwiga anavyotamka, wakahamia kwenye nywele, na nilipokwenda kuuliza nikaambiwa watoto ndivyo walivyo, atazoea. Hajazoea. Huyu mtoto alikuwa akiniimbia nikipika. Siku hizi nikimuuliza shule ilikuwaje ananijibu "kawaida" na kupanda ngazi.

Nimekulia Kanisa la Marafiki, hawa ambao huku wanaitwa Quaker. Mama yangu hadi leo ni wa USFW, umoja wa wanawake wa Marafiki, na Jumapili sare yake lazima ipigwe pasi tangu Jumamosi. Nimejua majuzi tu kwamba Marafiki wa huku wana shule zao, na Yorkshire zipo: Bootham pale York, iliyoanza 1823, na Ackworth karibu na Pontefract, ya tangu 1779. Kusini ziko Leighton Park ya Reading, Sidcot ya Somerset, na Sibford karibu na Banbury. Ni shule za kujitegemea, zenye watoto wa kutwa na wa bweni pamoja, na nimeambiwa kuna bweni la wiki, mtoto anaingia Jumatatu na kutoka Ijumaa. Kwa mtu wa zamu kama mimi hilo ni jibu la maombi.

Ninataka kujua: ni za Marafiki kweli, au limebaki jina tu? Karo inalipika kwa mshahara wa nesi? Na mtoto mweusi, mpole, anaishije mle ndani? Msinifiche kitu.

MjengoKwanza

Dada, pole na zamu. Niseme ninavyoona. Pesa utakayotoa kwa miaka mitano inanunua ploti na kusimamisha nyumba nyumbani. Shule za serikali huku ni bure na zipo nzuri kuliko nyingi za kulipia. Kama shida ni bweni, kuna shule za serikali zenye bweni: masomo hulipii, unalipia malazi na chakula. Uliza kwanza kama hadhi ya mtoto ya ukaazi inaruhusu. Usivutwe na jina la kanisa la nyumbani ukaja kulipa deni mpaka ustaafu.

NesiWaZamu

Asante kaka, nimepokea. Ya serikali yenye bweni niliipigia simu, nafasi za umri wake zimejaa. Kuhusu nyumba, nimeiwaza sana. Lakini nyumba itanisubiri, mtoto hanisubiri.

BabaZuwena

Asalaam aleikum dada. Sisi ni watu wa Pemba, tuko kusini huku. Binti yangu ni wa kutwa mwaka wa tatu kwenye mojawapo ya shule za Quaker. Sitaitaja, watoto wa watu wamo.

Umeuliza kama ni za Marafiki kweli. Jibu la ukweli: wanafunzi wengi si Marafiki, na walimu wengi pia si Marafiki. Darasani kwa binti yangu sijui kama wanafika wawili. Ukienda kutafuta kanisa la nyumbani hulikuti. Lakini kuna mambo yamebaki na yana nguvu. Kabla ya chakula ukumbi mzima unanyamaza. Hakuna anayeomba kwa sauti, kila mtu na Mola wake. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisimama mlangoni na kofia yangu ya kiua, watoto zaidi ya mia wameinamisha macho, kijiko hakisikiki. Nikasoma bismillahi yangu kimoyomoyo na hakuna aliyeniangalia. Nikamwambia mke wangu, hapa mtoto wetu hataambiwa aseme shahada isiyo yake.

Ramadhani walimpa chumba cha kukaa wakati wa chakula cha mchana, na mwalimu wa michezo aliuliza mwenyewe tunapendelea afanye nini. Halali ipo, ila tuliomba. Kitu muhimu: usisubiri watabiri, uliza. Hawaudhiki.

Na jina lao si geni kwetu. Bibi alikuwa akiitaja Banani, shamba la Marafiki lililoanzishwa Pemba baada ya utumwa kuondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, ili waliokuwa watumwa wapate kazi ya ujira. Kwa wazee wetu walikuwa "wale Wazungu wasiopigana".

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, nimefundisha miaka 34, na 11 kati ya hiyo ilikuwa katika shule ya upili inayofadhiliwa na Marafiki magharibi mwa Kenya. Nataka kueleza shule hizi za Uingereza zilitokea wapi, maana ukijua hilo unajua pia uulize nini.

Marafiki walianza katikati ya karne ya 17, enzi za George Fox. Walikataa kulipa zaka ya kanisa la dola, walikataa kula kiapo mahakamani kwa sababu neno la mtu lapaswa kuwa kweli siku zote, walikataa kumvulia mtu kofia hata akiwa hakimu. Wakafungwa kwa maelfu. Shahada za Oxford na Cambridge zilikuwa za waumini wa Kanisa la Uingereza, na vizuizi vya mwisho vya dini vikafutwa kwa sheria ya 1871. Njia zilipozibwa, wengi wakaingia biashara. Chokoleti za Cadbury, Fry na Rowntree zote zimeanzia kwenye familia za Marafiki. Na wakajijengea shule zao.

Ackworth aliianzisha daktari, John Fothergill. Jengo lilikuwa la hospitali ya kulelea watoto waliotelekezwa, akalinunua. Shule ikawa kwa watoto wa Marafiki ambao wazazi wao hawakuwa na mali. Wasichana na wavulana walipokewa tangu mwanzo, jambo ambalo mwaka 1779 halikuwa la kawaida hata kidogo.

Sasa mwanangu NesiWaZamu, ukikaa mbele ya mkuu wa shule, usimuulize kwanza matokeo ya mtihani. Muulize: shule hizi zilijengwa kwa ajili ya mtoto asiye na uwezo, je, leo mtoto huyo yuko wapi humu ndani? Ni wangapi wanasaidiwa karo, na kwa kiasi gani? Kabla ya vita vya pili Marafiki walikuwa mstari wa mbele kuwatoa watoto wa Kiyahudi mikononi mwa Wanazi. Karel Reisz, aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu, aliletwa Uingereza mtoto kutoka Chekoslovakia na akasomeshwa Leighton Park. Kwa hiyo uliza pia: leo mna mtoto mkimbizi? Majibu ya maswali hayo mawili yatakueleza kama jina limebaki jina.

KamusingaOB

Shikamoo mwalimu. Mimi nimesoma Friends School Kamusinga, Kimilili. Dada usije ukalinganisha. Kule nyumbani Marafiki ni wafadhili, walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, na ibada yetu ilikuwa ya kwaya, mahubiri na vigelegele. Huku shule ina bodi yake na hesabu zake, na ibada yao ni kimya kitupu. Hakuna mchungaji, hakuna mimbari. Mtu akisukumwa moyoni anasimama anasema maneno machache, anakaa. Dakika zote nyingine ni ukimya.

Tofauti ina historia. Waliokuja Kaimosi 1902 walikuwa Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wa ule mkondo wa Marafiki wenye wachungaji na nyimbo. Sisi tukaumbwa na mkondo huo, na leo Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Waingereza wamebaki na ule wa kimya. Mama mzazi akija kutembea, mwandae mapema.

Gitega_Ughaibuni

Chilson huyo huyo ndiye aliyekuja kwetu Burundi 1934 akaanzisha kituo cha Kibimba. Nasi tunaimba hadi jua linazama.

NesiWaZamu

Nimesoma yote, mwalimu ahsante sana, nimeyaandika maswali yako kwenye daftari.

Jana nilikuwa na off, tumetembelea shule ya kwanza. Uwanja mzuri, maabara nzuri, maktaba ambayo ningelala humo. Aliyetutembeza ni msichana wa miaka 16, mchangamfu. Lakini kuna kitu kimenikaa vibaya. Watoto wanamwita mkuu wa shule kwa jina lake la kwanza. Yaani mtoto wa miaka 11 anapita kwenye korido anasema jina tu, mkuu anaitikia. Binti yangu aliniangalia usoni aone nitafanya nini. Mimi nilimfundisha kwamba mtu mzima ana cheo chake: mwalimu, mama fulani, mjomba. Nikiondoa hilo nimebaki na nini cha nyumbani?

BabaZuwena

Kwetu pia lilitusumbua. Si shule zote za Quaker zinafanya hivyo, baadhi. Binti yangu shuleni anafuata ya shule, akiingia mlangoni ni shikamoo baba, shikamoo mama. Hajachanganya hata siku moja.

Mwalimu_Mstaafu

Hili si utovu wa adabu, na nisingependa ulipite juujuu. Wale wa mwanzo waliona vyeo vinawafanya watu wamwogope tajiri na kumdharau maskini. Wakati ule Kiingereza kilikuwa na "wewe" mbili, moja ya kumwinua mkubwa na moja ya watu wa chini. Marafiki wakatumia ile ya chini kwa kila mtu, hadi kwa hakimu, wakapigwa kwa ajili hiyo. Kumwita mwalimu kwa jina ni mabaki ya kitendo hicho.

Sisi heshima yetu imepita njia nyingine. Shikamoo inamwinua mkubwa, lakini marahaba nayo inamfunga: ukiitikia marahaba umekubali kuwajibika kwa mtoto yule. Kwa hiyo pima hivi. Mkuu yule alipoitwa kwa jina, alisimama? Alimjua mtoto ni nani? Kama alisimama akamsikiliza, amesema marahaba kwa lugha yake.

NesiWaZamu

Mwalimu, umenifanya nikumbuke vizuri. Hakusimama. Aliitikia huku anatembea.

HesabuKamili

Mimi ni mhasibu, nimewahi kufanya kazi ofisi ya fedha ya shule ya kujitegemea (si ya Quaker). Ngoja nikupe upande wa pesa, maana wazazi wengi wetu wanaanguka hapo.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 karo za shule hizi zinatozwa VAT ya asilimia 20, na bweni lake pia. Ukitajiwa paundi 8,000 kwa muhula, swali la kwanza ni kama VAT imo. Kama haimo, utalipa 9,600, na mihula ni mitatu. Bweni kamili kwenye shule za aina hii linavuka paundi 30,000 kwa mwaka bila wasiwasi. Bweni la wiki liko chini yake, kutwa chini zaidi. Juu ya hapo kuna ada ya kujiandikisha ambayo hairudi, amana ya kushikilia nafasi, sare, basi la shule, masomo ya piano, safari. Omba orodha ya vyote kwa maandishi.

Mshahara wa nesi peke yake hautoshi, nisikudanganye. Unaingia kwa basari au huingii. Usichanganye basari na skolashipu. Skolashipu inatolewa kwa kipaji na mara nyingi ni kipunguzo kidogo. Basari inatazama kipato chako, na kwa wachache inaweza kufunika sehemu kubwa sana ya karo. Fomu itauliza mshahara, akiba, nyumba, gari. Haina kisanduku cha pesa unazotuma nyumbani. Hapo ndipo familia zetu zinaonekana tajiri kwenye karatasi. Andika barua ukurasa mmoja, ambatisha taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi 12, eleza nani anategemea nini: dawa za mama, karo ya mdogo wako. Ofisi nyingi hazijui jambo hilo mpaka ziambiwe. Na omba mapema, mwaka mzima kabla. Mfuko wa basari ukigawiwa umegawiwa.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii: shule yenyewe itakuwepo? Shule ya Marafiki ya Great Ayton ilifungwa 1997. Ya Saffron Walden, ambayo mizizi yake ni London mwaka 1702, ilifungwa 2017, zaidi ya miaka 300 ya kazi. Uzee wa shule si dhamana. Nyingi ya hizi zimesajiliwa kama taasisi za hisani, na hesabu zao za kila mwaka ziko wazi kwenye tovuti ya Charity Commission, bure. Angalia mapato na matumizi ya miaka mitatu, angalia idadi ya wanafunzi kama inapanda au inashuka. Soma na ripoti ya wakaguzi wa ISI, wanaokagua shule za kujitegemea. Hawatoi neno moja la sifa siku hizi, wanasema viwango vimefikiwa au havikufikiwa, basi soma yale ya bweni na ya usalama wa mtoto neno kwa neno.

Mwisho, kifungu cha kuondoka. Karibu mikataba yote inadai notisi ya muhula mzima. Ukimtoa mtoto ghafla unalipa muhula ambao hakukaa.

NesiWaZamu

Nimekaa kwenye basi la kwenda zamu nimesoma hii mara mbili. Kile kisanduku kisichokuwepo kimenigusa. Natuma nyumbani kila mwezi na sikuwahi kuihesabu kama gharama, kwangu ni kama kupumua. Barua nitaiandika.

MamaKijana_Dar

Samahani naingilia uzi. Mimi niko Dar, kijana wangu ana miaka 13, nina wakala ananiambia atanipatia shule ya Quaker ya bweni na mimi nitapata visa ya kukaa naye. Je, ni kweli?

HesabuKamili

Dada, kuwa makini na huyo wakala. Mtoto anakuja kwa visa ya mwanafunzi mtoto, na shule lazima iwe na leseni ya kudhamini na imtolee namba ya udhamini yenyewe. Visa ya mzazi wa mwanafunzi mtoto ni kwa mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 11. Wa 13 hapati. Utahitaji mlezi aliyeko Uingereza, kwa sababu mabweni hufungwa likizo ya katikati ya muhula na wikendi fulani, na mtoto lazima awe na pa kwenda. Walezi wenye ithibati wanakaguliwa na chombo kinaitwa AEGIS. Na hizi shule unaziandikia wewe mwenyewe barua pepe, ofisi ya udahili inajibu.

KamusingaOB

Na kama uko tayari kuvuka bahari, Marekani nako zipo kongwe: Westtown ya Pennsylvania ni ya 1799, George School ya 1893, zote kutwa na bweni. Ile Sidwell Friends ya Washington waliyosoma mabinti wa Obama ni ya kutwa tu. Ila tusimtoe dada kwenye mada yake.

Matroni_Mstahiki

Habari. Mimi ni Mtanzania, nimekuwa matroni wa bweni la wasichana shule ya kujitegemea miaka tisa. Nimeona mmezungumza historia na pesa. Mimi nataka mzungumze usiku, kwa sababu bweni ni usiku.

Ukienda kutembelea, omba uonyeshwe bweni saa za jioni, si saa nne asubuhi vitanda vikiwa vimetandikwa. Angalia ukutani. Sheria ya viwango vya bweni inataka mtoto awe na mtu wa kumpigia ambaye si mfanyakazi wa shule, na namba iwe mahali anapoiona. Usimuulize matroni iko wapi, mwambie binti akuonyeshe. Kama mtoto mgeni hawezi kuiona ndani ya dakika mbili, imebandikwa kwa ajili ya wakaguzi.

Fungua friji ya jikoni ya bweni. Uliza nani anaruhusiwa kupika. Nywele: uliza waziwazi. Mara ya mwisho mlikuwa na msichana mwenye nywele kama zake lini, alisukwa wapi, kuna nafasi ya saa tatu nne Jumamosi ya kusuka? Kofia ya satini ya kulalia itachekwa au haitachekwa? Mkuu wa bweni akishtuka kusikia swali hili, ujue binti yako ndiye atakayekuwa mwalimu wao, na mtoto hajaenda kufundisha.

Na muulize mwanafunzi, mbali na mwalimu: mtu akimfanyia mwenzake ubaya hapa, inakuwaje? Shule za Quaker huwa zinasema zinawakalisha pande mbili wazungumze. Ni jambo zuri likifanywa na mtu anayejua. Likifanywa ovyo, aliyeonewa anaambiwa akae na aliyemwonea, asamehe haraka, ili watu wazima wapumzike. Uliza kuhusu kisa kimoja halisi, bila majina.

NesiWaZamu

Matroni, Mungu akubariki. Jumapili tunakwenda shule ya pili. Wametukaribisha tukae kwenye ibada yao pia.

NesiWaZamu

Nimerudi. Nina zamu kesho lakini siwezi kulala kabla sijaandika.

Tulifika saa tatu na nusu, mvua inanyesha. Ibada yao iko kwenye ukumbi wenye benchi za mbao zilizopangwa kuzunguka, zinatazamana, katikati meza yenye maua na Biblia. Watoto wa bweni kama arobaini hivi, watu wazima wachache. Hakuna aliyesema tunaanza. Walikaa tu, na ukimya ukaingia kama maji yanavyopanda.

Dakika za kwanza niliteseka. Kila sehemu ya mwili wangu ilikuwa inasubiri mtu aanzishe wimbo. Nilisikia saa ya ukutani, mvua kwenye vioo, kiatu cha mvulana mmoja kinalia kila akihamisha mguu. Nikamwaza mama. Nikawaza wagonjwa wangu wa Alhamisi, mmoja wao aliondoka mkono wake ukiwa kwangu, na sikupata nafasi ya kumlilia kwa sababu kengele ya kitanda kingine ilikuwa inaita. Nikamlilia hapo. Hakuna aliyegeuka. Mama mmoja mzee wa upande wa pili alinitazama mara moja, akafumba macho tena.

Baadaye mvulana, nadhani wa miaka 14, alisimama. Alisema babu yake amehamishiwa nyumba ya wazee na hamkumbuki tena, na kwamba yeye ataendelea kumkumbuka kwa niaba ya wote wawili. Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mvulana wa miaka 14, mbele ya wenzake arobaini. Mwishowe watu wazima wawili wakapeana mikono, halafu kila mtu akampa jirani yake mkono, ikawa imekwisha.

Nilitoka nikijua kitu ambacho sikukiona kwenye tovuti yoyote. Binti yangu amenyamaza kwa sababu akisema anachekwa. Huu ukimya wa hawa ni mwingine kabisa, umetengenezwa ili mtu aweze kusema.

Nikauliza ya mwalimu. Mkuu wa shule (naye anaitwa kwa jina lake la kwanza, na alisimama kila alipoitwa, nilihesabu) alinitajia idadi ya wanaopata basari, akasema kwa kinywa chake kwamba ni wachache kuliko anavyotaka na kwamba VAT imebana zaidi. Wana watoto wawili waliokuja kama wakimbizi. Sikumwona akitafuta maneno.

Nikauliza ya matroni. Namba ilikuwa nyuma ya mlango wa choo na pembeni ya birika, binti aliiona kabla sijamaliza sentensi. Kuhusu nywele, mkuu wa bweni alikiri kwamba mwaka wa juzi walikosea kwa msichana mmoja kutoka Nigeria: walimpangia kuogelea asubuhi tatu kwa wiki bila kufikiri. Mama yake akapiga simu, wakabadilisha ratiba. Aliyenieleza alikuwa na aibu ya kweli. Nilipenda kwamba alinieleza.

Na nikamuuliza msichana aliyetutembeza, wanafunzi hapa waliwahi kubadilisha nini? Akasema saa ya kukusanya simu usiku. Hawakupiga kura, kwa sababu Marafiki hawapigi kura. Walikaa vikao vinne mpaka hakuna aliyebaki na kinyongo, karani wao mwanafunzi akasoma walichokubaliana, wakasaini. "Vinachosha," akasema, "lakini hakuna aliyeshindwa."

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, nimesoma nikiwa nimesimama.

MjengoKwanza

Dada, mimi ndiye niliyekwambia ujenge. Sijabadili hesabu zangu, ila nimeelewa unachonunua. Kama unahitaji mtu wa kukusomea mkataba, niandikie faraghani, mke wangu ni wakili.

BabaZuwena

Binti mwenyewe anasemaje?

NesiWaZamu

Nimpe haki yake, maana ndiye atakayelala kule. Kwenye treni ya kurudi alinyamaza mpaka Leeds. Halafu akaniuliza kama nikiwa zamu usiku na yeye yuko bwenini, ataruhusiwa kunipigia saa tatu kabla sijaingia wodini. Nikamwambia tutauliza. Akasema, "Basi uliza, halafu nitakwambia."

Nilipiga leo asubuhi. Simu zinakusanywa saa tatu na nusu, kwa hiyo inawezekana. Nilimwambia akiwa anakula. Akaendelea kutafuna, kisha akasema anataka kujaribu usiku mbili za majaribio kwanza, na anataka kwenda na blanketi la nyanya yake.

Mama nilimpigia Kaimosi jioni nikamsimulia ile ibada. Alisikiliza yote. Akauliza, "Hamkuimba hata moja?" Nikasema hata moja. Akakaa kimya kwenye simu muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema nimpeleke mtoto, yeye ataimba upande wake.

Fomu ya basari imejaa, barua ya HesabuKamili imefika kurasa mbili badala ya moja, na taarifa za M-Pesa nimezichapisha kazini kwa ruhusa ya sista wa wodi. Jibu watanipa mwezi wa tatu. Bila basari ya zaidi ya nusu hatutaweza, hilo nimelisema kwa binti na amelielewa. Usiku wa majaribio ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Matroni, kama bado upo: blanketi la pamba zito, wanaliruhusu kwenye mashine zao za kufulia au nimfungie la akiba?

Matroni_Mstahiki

Nipo. Mfungie la akiba, na lile la nyanya andika jina pembeni kwa uzi, si kwa kalamu. Kalamu inafutika mfuo wa pili.